Mvinyo mwekundu wa Château Musar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikitaja mvinyo wa Lebanon mezani, swali la kwanza huwa la mshangao na la pili huwa la bei. Haya hapa ni yale ninayoulizwa zaidi kuhusu Musar, chupa ambayo watu huipenda sana au huirudisha mezani baada ya funda moja.

Musar ni nini hasa?

Ni kiwanda cha mvinyo cha familia ya Hochar, pamoja na mashamba yake ya mizabibu, nchini Lebanon. Gaston Hochar alikianzisha mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 20, aliyetoka kuzunguka Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo Ufaransa, kuangalia wenzake wanafanyaje. Alianzia katika jengo la karne ya 18 huko Ghazir, mji ulio juu ya mlima unaotazama bahari, kaskazini mwa Beirut. Wakati huo Lebanon ilikuwa chini ya utawala wa Ufaransa, na maofisa wa Kifaransa waliokuwa mbali na kwao walikuwa wateja wa kutegemewa.

Familia inatengeneza mivinyo kadhaa, mweupe ukiwemo, na hata araki. Ila mtu akisema “nimekunywa Musar” bila kuongeza neno, anamaanisha ule mwekundu mkubwa, na ndio ninaoueleza hapa.

Jina lina maana gani?

Château ni kasri kwa Kifaransa. Musar linatokana na Mzar, jina la kasri lenyewe, na familia hulifasiri kuwa mahali penye uzuri wa pekee. Mswahili akilisikia hawezi kukosa kukumbuka ziara na kuzuru, maana mazar kwa Kiarabu ni mahali panapozuriwa.

Tukiwa hapo hapo kwenye maneno: ukiwa Lebanon usiombe “zabibu” ukitarajia kuletewa tunda bichi. Kwa Kiarabu zabib ni zile zilizokaushwa. Sisi tuliazima neno moja tukalitumia kwa yote mawili.

Lebanon na mvinyo wapi na wapi? Si nchi ya Kiarabu?

Ni nchi ya Kiarabu, lakini ina jumuiya 18 za kidini zinazotambuliwa kisheria, Waislamu na Wakristo wa kila namna. Mizabibu ilikuwapo kabla ya dini hizo zote mbili. Wafoinike, waliokaa pwani hiyo, waliuza mvinyo pande nyingi za Mediterania. Huko Tell el-Burak, kusini mwa nchi, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta shinikizo la kukamulia zabibu la karne ya 7 kabla ya Kristo. Bonde la Bekaa lenyewe lina hekalu la Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi, pale Baalbek, na nguzo zake nyingi bado zimesimama.

Wasomaji wa Biblia hawahitaji kwenda mbali. Nabii Hosea, alipotaka kusifu harufu nzuri kuliko zote, aliifananisha na ya divai ya Lebanoni.

Mvinyo wa kisasa ulianza na Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, waliopanda mizabibu Ksara, huko huko Bekaa, mwaka 1857. Kwa hiyo Musar si kiwanda kikongwe kuliko vyote nchini humo. Ndicho kilichoifanya dunia itambue kwamba kuna mvinyo huko.

Zabibu zinalimwa wapi?

Bekaa, bonde refu lililokaa katikati ya safu mbili za milima, kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua kali, usiku baridi, na wakati wa kipupwe theluji hufunika milima ya pande zote mbili. Udongo ni changarawe juu ya mwamba wa chokaa, kwa hiyo maji hayatuami na mizizi hulazimika kuchimba chini. Mizabibu ya Musar mwekundu iko hasa karibu na vijiji vya Aana na Kefraya. Zabibu huchumwa kwa mkono, na wachumaji wengi ni Wabedui wa bondeni humo. Mavuno ni mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi. Nayasema haya kwa sababu aliyezoea Dodoma, ambako mzabibu mmoja huvunwa mara mbili kwa mwaka, huuliza msimu wa pili ni lini. Haupo. Mwaka ukiharibika, umeharibika.

Mbona kiwanda kiko Ghazir na mashamba yako ng'ambo ya mlima?

Swali zuri, na mambo mengi ya historia ya Musar yametokana na umbali huo. Maelezo ya familia ni kwamba Gaston alipoanza, haikuwa na uhakika kama Bekaa ingebaki upande wa Lebanon au ingeangukia Syria. Akaona heri kiwanda kikae pwani, kwenye usalama. Zabibu zikawa zinapakiwa kwenye malori, zinapandishwa Mlima Lebanon na kuteremshwa upande wa bahari. Siku za amani ni safari ya saa chache.

Na siku za vita?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1975 na kuisha 1990. Katika miaka yote hiyo Musar ilikosa mavuno mawili tu.

La kwanza ni la 1976. Barabara zilikuwa zimefungwa na umeme haukuwapo, hakuna mvinyo uliotengenezwa. La pili, la 1984, ndilo linalonigusa zaidi. Zabibu zilivunwa na malori yakaondoka, lakini mapigano yalikata njia, na mzigo wa saa chache ukawa mzigo wa siku kadhaa. Zabibu iliyobanwa kwenye joto haisubiri ruhusa ya mtu. Hamira iliyo kwenye ganda lake ilianza kazi mle mle ndani ya lori, na kilichofika Ghazir kilikuwa kimeshaanza kuchacha chenyewe. Serge Hochar, mtoto wa Gaston, aliugeuza kuwa mvinyo vivyo hivyo, lakini hakuuingiza sokoni kama ya miaka mingine.

Miaka iliyobaki dereva alipita vizuizi vya majeshi na vikundi tofauti akiwa na shehena ambayo kila saa ilikuwa inaharibika. Ghala la chini ya ardhi lilikuwa pia mahali pa majirani kujificha mabomu yakianguka. Serge mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba usiku mmoja Beirut ikipigwa alikataa kwenda mafichoni, akamimina chupa nzima ya mvinyo wake kwenye glasi moja kubwa, akakaa akiinywa kidogo kidogo kwa saa nyingi aone unabadilikaje. Sijui nimsifu au nimgombeze.

Lakini nina neno langu hapa. Hadithi ya vita imeuzwa mno. Kila anayeandika kuhusu Musar huanza na mizinga, utadhani baruti ndiyo inayoleta ladha. Vita viliifanya Musar ijulikane nje, hilo kweli, kwa sababu soko la nyumbani lilikufa na wakalazimika kutafuta wateja ng'ambo. Mvinyo wenyewe ulikuwa mzuri kabla ya risasi ya kwanza. Ule wa 1967, ulioleta sifa, ulivunwa miaka minane kabla ya vita.

Sifa zilikujaje?

Kwenye maonyesho ya mvinyo ya Bristol, Uingereza, mwaka 1979. Michael Broadbent, mkuu wa idara ya mvinyo wa nyumba ya minada ya Christie's, aliuonja huo wa 1967 na kuutangaza kuwa ugunduzi wa maonyesho yale. Kuanzia hapo Waingereza wakawa wateja wakubwa. Mwaka 1984, ule ule wa zabibu zilizochachia njiani, jarida la mvinyo la Uingereza, Decanter, lilimpa Serge tuzo yake ya kwanza kabisa ya mtu wa mwaka.

Undugu na Waingereza na Bordeaux ulikuwa na mizizi ya zamani lakini. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Meja Ronald Barton, wa familia inayomiliki Château Langoa-Barton, kiwanda cha mvinyo cha Bordeaux, alikuwa Lebanon na akawa rafiki wa Gaston. Mtoto wa pili wa Gaston anaitwa Ronald. Ndiye aliyeshika upande wa biashara, kaka yake akishika mapipa.

Huyu Serge alikuwa mtu wa namna gani?

Alisomea uhandisi wa ujenzi kabla ya kusomea mvinyo Bordeaux, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Émile Peynaud, bingwa wa sayansi ya mvinyo. Mwaka 1959 alichukua utengenezaji kutoka kwa baba yake. Inasimuliwa kwamba alimpa mzee sharti: nikifanya mimi, wewe usitie mkono. Kwetu kijana akisema hivyo ataitiwa kikao cha wajomba. Gaston alikubali.

Akiwa na elimu yote hiyo ya maabara, mhandisi huyu aliitumia kujua lini aache kufanya kitu. Wenzake waliongeza hamira za kununua, wakachuja, wakasahihisha huku na huku ili kila mwaka ufanane na uliopita. Yeye aliona kufanana ndiyo kasoro. Kwake mvinyo ulikuwa kitu hai, na kitu hai kina siku nzuri na siku mbaya. Alifariki 31 Desemba 2014 nchini Mexico, akiogelea, akiwa likizo na familia yake.

Mwekundu unatengenezwa kwa zabibu zipi?

Tatu: Cabernet Sauvignon, Carignan na Cinsault. Kwa wastani ni kama theluthi kwa theluthi, ila uwiano hubadilika kila mwaka. Cabernet ndiyo mifupa, inaleta ukakasi ule unaobana ulimi kama chai iliyokolea. Carignan inaleta mwili na rangi. Cinsault ndiyo inayoleta harufu na ulaini, na kwa maoni yangu ndiyo siri ya Musar ingawa ndiyo isiyosifiwa. Mwaka wenye Cinsault nyingi hutoa mvinyo wa rangi nyepesi unaonukia kama uturi. Mwaka wa Cabernet hukunja uso, na unahitaji muda mrefu zaidi kabla haujakuchekea.

Kwa nini hauuzwi mpaka ufikishe miaka saba?

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda, kwa hiyo niende taratibu.

Kila aina ya zabibu huchachushwa peke yake ndani ya matangi ya saruji, kwa hamira iliyokuja nayo kutoka shambani. Joto huangaliwa lisizidi kama nyuzi 30. Baada ya miezi kadhaa mvinyo huhamishiwa kwenye mapipa ya mwaloni wa Nevers, Ufaransa, ukakaa humo mwaka mmoja. Halafu ndipo zile aina tatu zinachanganywa, zikiwa zimeshakomaa kiasi cha kuonyesha tabia zao. Mwishoni mwa mwaka wa tatu unafungwa chupani bila kuchujwa na bila kusafishwa kwa dawa. Kisha chupa zinalazwa ghalani Ghazir, miaka mingine kama minne.

Piga hesabu ya mfanyabiashara. Una mzigo wa miaka saba umelala chini ya ardhi, hujauza hata chupa moja ya miaka hiyo, na nje kuna vita au sarafu inaporomoka. Viwanda vingi duniani humwachia mnunuzi kazi ya kusubiri. Akina Hochar wanasubiri wao, kwa fedha yao. Mtu akiniuliza familia inaleta tofauti gani na kampuni yenye wanahisa, namjibu kwa hilo.

Nimesikia unanuka siki. Kweli?

Kuna ukweli. Asidi inayoifanya siki iwe siki imo kwenye kila mvinyo, na Musar huwa nayo kwa kiwango ambacho wataalamu wa shule nyingi wangekiita kasoro. Miaka mingine kuna pia harufu ya ngozi, ya hatamu za farasi, inayoletwa na hamira pori. Wakosoaji wapo na hawajakosea wanachokinusa.

Mimi nasema hivi: pilipili mbichi kidogo kwenye kachumbari inaamsha nyanya, ikizidi umeharibu. Kwenye Musar mzuri ule ukali wa juu unainua harufu ya cheri na viungo mpaka unaisikia kabla glasi haijafika mdomoni. Kwenye chupa mbaya unafunika kila kitu. Na chupa hutofautiana, hata za mwaka mmoja kutoka sanduku moja. Anayetaka uhakika wa soda asinunue hii.

Naufunguaje?

Simamisha chupa wima siku moja au mbili kabla. Kwa kuwa haukuchujwa, kuna mashapo, na ukiibeba kutoka ilipolala ukamimina hapo hapo utakunywa tope. Najua kwa sababu nilifanya hivyo na chupa yangu ya kwanza. Niliishika kama soda, nikawamiminia wageni, na glasi ya mwisho ilikuwa na kitu kama machicha ya kahawa. Mgeni aliyeipata aliinywa yote kwa heshima na hakuomba ya pili.

Sasa nafanya hivi. Nakikata kifuniko chote cha shingoni. Kizibo cha chupa ya zamani huwa kimelowa na kuwa laini kama mkate, nakivuta bila haraka, kikikatika namalizia kwa kuchokonoa pembeni. Nawasha mshumaa mezani, naipitisha shingo ya chupa juu ya mwanga, namimina polepole kwenye jagi la kioo. Mwanzoni unapita mkondo mwekundu unaoelekea rangi ya tofali. Ukikaribia mwisho utaona uzi mweusi unatambaa kutoka begani kwa chupa kuelekea shingoni. Ukiuona, acha kumimina.

Uache kwenye jagi saa mbili tatu. Nyuzi 18 zinatosha. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, “joto la chumbani” ni porojo la watu wa nchi za baridi. Tia frijini nusu saa kwanza.

Na kuutunza?

Uulaze, gizani, pasipo joto wala mtikisiko. Juu ya kabati la jikoni karibu na jiko ni kaburi lake.

Uliwe na nini?

Kondoo au mbuzi wa kuchoma, ndiyo jozi yake ya asili. Pilau ya nyama yenye mdalasini na karafuu inaupokea vizuri ajabu, maana viungo hivyo tayari unavisikia ndani ya glasi. Uepushe na pilipili kali, hufanya kilevi kiwake mdomoni, na samaki wa kukaanga utamwonea.

Ninunue wa mwaka gani?

Wa 1991 na 1995 husifiwa sana na wapenzi wake, lakini bei yake sasa ni ya mnada, na chupa ya mnada imepita mikono mingi. Kwa anayeanza, nunua mwaka wowote ulio dukani leo. Umeshakaa vya kutosha kunywewa, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile ya majina makubwa ya Bordeaux ambayo ukiyanunua bado utasubiri miaka 10. Ukiweza, nunua mbili: moja sasa, nyingine isahau.

Hochar Père et Fils na Musar Jeune ni nini?

Ni wadogo zake. Hochar unatoka kwenye shamba moja la Aana na hukomaa mapema. Jeune haugusi pipa la mti na hunywewa mchanga. Yote ni mizuri kwa siku ya kawaida. Asikuuzie mtu Jeune kwa bei ya kaka mkubwa, soma lebo.

Na mweupe?

Ungestahili ukurasa wake. Unatokana na Obaideh na Merwah, zabibu za kienyeji za Lebanon ambazo ni wachache wanaozijua nje ya nchi hiyo. Serge aliwapa wageni mweupe baada ya mwekundu, kinyume na kanuni zote, na wala hakuupoza sana. Nimejaribu. Alikuwa na hoja.

Ni wa kilimo hai?

Mashamba yalipata cheti mwaka 2006, ya kwanza nchini humo. Kwa wao cheti kilikuja kuthibitisha walichokuwa wakikifanya siku zote.

Nani anaendesha sasa?

Familia ile ile, kizazi cha tatu: Gaston na Marc, watoto wa Serge, na Ralph, mtoto wa Ronald. Ndiyo, mjukuu ana jina la babu mwanzilishi, kama kwetu. Jikoni, kwa maana ya matangi na mapipa, yuko Tarek Sakr, aliyejiunga mwaka 1991 na kufanya kazi na Serge miaka zaidi ya 20.

Nikiona lebo ya mwaka fulani, nitajuaje ilikuwa hali gani huko?

Chukua mwaka ulioandikwa, usome habari za Lebanon za miezi ya mavuno, Agosti mpaka Oktoba. Wa 2006 ulivunwa wiki chache baada ya vita vya siku 34 kati ya Israel na Hizbullah. Wa 2020 ulivunwa bandari ya Beirut ikiwa imelipuka tarehe 4 Agosti. Mwaka 2024, Septemba na Oktoba, mabomu yaliangukia Bekaa tena. Kwa kalenda ya Ghazir, mwekundu wa mwaka huo utafika dukani 2031.